Rubabu ya Mzee Arnold

"Karoti hazikatwi hivyo," alisema Denis Ackroyd.

Mkewe, Maureen, hakugeuka. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na hilo lilikuwa kosa lake la nne tangu waamke. La kwanza lilikuwa kujaza birika maji ya vikombe vinne wakati wao ni wawili. La pili lilikuwa kufungua dirisha. La tatu lilikuwa kulifunga.

"Zinakatwaje, Denis?"

"Kwa urefu. Ukizikata mviringo zinapoteza utamu."

"Zinaupotezea wapi huo utamu? Si humohumo sufuriani?"

"Nakwambia tu."

"Miaka arobaini na minne umekula karoti za mviringo na hujafa."

"Nilikuwa sizioni zikikatwa."

Hapo ndipo shida yote ilipolala. Kwa miaka arobaini na minne Denis alitoka nyumbani akishalamba siagi ya mwisho kwenye kisu. Kwanza alikuwa fundi wa mabasi. Alipostaafu, alikwenda kila siku kwenye ploti yake ya bustani, namba tisa katika bustani za kukodi za Cinder Lane, akarudi mchana kula, akaondoka tena hadi giza lilipoingia. Majirani walisema ndoa ile ni imara. Maureen alijua kilichoishikilia: maili moja ya barabara, na mwishoni mwake geti lenye kufuli.

Kisha mwezi wa Aprili Denis akawekewa nyonga mpya, akaambiwa asiguse beleshi mpaka apewe ruhusa. Mtu ambaye hakuwahi kukaa, akakaa. Akakaa jikoni, kwa sababu ndiko kwenye joto. Tangu hapo alikuwa amepanga upya droo ya vijiko, amebandika karatasi zenye majina kwenye makopo ambayo Maureen aliyajua hata kwa harufu, na ameandika ratiba ya mashine ya kufulia. Kila asubuhi Maureen alipiga magoti kumvisha soksi, na kila asubuhi Denis alitazama dirishani, kana kwamba ile miguu ni ya mtu mwingine anayepita.

Barua ikaanguka mlangoni. Denis akainuka kwa kasi ambayo mkewe hakuiona tangu Aprili, lakini Maureen hakuwa na nyonga ya chuma. Alifika kwanza, akaifungua, akasoma kwa sauti.

"Ndugu Ackroyd. Kamati inasikitika kuona kwamba ploti namba tisa imegeuka pori. Hili ni onyo la pili na la mwisho. Ukaguzi utafanyika Jumapili ya pili ya Oktoba, saa nne asubuhi. Ikiwa robo tatu ya ploti haitakuwa imelimwa, utaikabidhi. Watu hamsini na wanane wako kwenye orodha wanasubiri. T. Hinchliffe, Mwenyekiti." Akamtazama mumewe. "La pili? La kwanza liko wapi?"

Denis akatazama kopo la mkate. Maureen akaliinua. Barua ya kwanza ilikuwa chini yake, imekunjwa mara nne, ina makombo.

"Mwandikie Trevor. Mwambie umewekewa nyonga mpya. Sheria zenu zinasema mgonjwa anapewa mwaka mzima, wewe mwenyewe ulinisomea."

"Trevor Hinchliffe asimame mbele ya kamati aisome nyonga yangu? Mtu anayepanda vitunguu kwa rula? Anaitaka hiyo ploti kwa ajili ya mkwewe, na mimi nimpe sababu ya kunionea huruma? Afadhali nife."

"Ukifa utakuwa umenipunguzia kazi. Usipokufa je?"

Denis alikuwa amerudi mezani. Alikuwa anatazama karoti. Maureen akasimama na barua mkononi, akapiga hesabu. Mama yake Denis alifika miaka tisini na moja. Baba yake, Mzee Arnold, tisini kamili. Denis alikuwa na sabini na moja. Hiyo ni miaka ishirini, jikoni.

Akafungua droo ya vijiko, akaifunga. Alikuwa na siku kumi na tatu.

* * *

Alimwambia Denis kwamba kanisa lina mazoezi ya kwaya kila asubuhi kwa ajili ya sikukuu ya mavuno. Denis, ambaye alimsikia akiimba bafuni kwa miaka mingi, alisema wanahitaji mazoezi hayo.

Ploti namba tisa hakuwa ameikanyaga tangu mwaka wa ndoa yao. Alivaa gambuti za Denis juu ya soksi pea tatu, akafungua geti, akasimama na uma mkononi. Majani ya mti wa jirani yalikuwa yamepukutika juu ya kila kitu, mekundu na kahawia, yameloa na kushikana kama uji uliomwagika. Chini yake kulikuwa na upupu uliomfika kiunoni, miiba iliyopanda hadi juu ya kibanda, na nyasi zile ambazo ukivuta moja hapa, nyingine inatikisika kwa jirani.

"Wewe ndiye mke wake," ilisema sauti upande wa pili wa waya. "Nilidhani alikubuni."

Mwenye sauti alikuwa mwanamke mfupi mwenye sweta la mwanamume na ushungi wa kijani, na kwenye ploti yake kila kitu kilisimama kwa mistari: kotmiri, uwatu, kabichi za majira ya baridi. Jina lake lilikuwa Parveen Akhtar, na aliishi nyumba ya tatu kutoka kituo cha zamani cha mabasi.

"Yuko hai?" aliuliza.

"Yuko jikoni."

"Ah." Bi Parveen alikuwa mjane wa mtu aliyestaafu mapema. Alielewa bila kuongezewa neno. "Ngoja nilete uma wangu, dada. Huo ulioshika ni wa kupakulia samadi."

Walifanya kazi siku tisa. Bi Parveen alimfundisha kuchimba kwa mguu na si kwa mgongo, kutikisa udongo kutoka kwenye mizizi badala ya kuutupa pamoja nayo, na kurundika majani kwenye kona ya waya yaoze, maana mwakani yangekuwa mboji. Mikono ya Maureen ilipasuka malengelenge. Alimwambia Denis ni kwa sababu ya vitabu vya nyimbo.

"Vizito hivyo?"

"Ni vya zamani."

Siku ya kumi Bi Parveen alikwenda kwa mwanawe aliyepata mtoto, akarudi baada ya siku mbili. Siku hiyo ya kumi Maureen alibaki na kona moja tu: rundo la majani makubwa yaliyolala chini, meusi pembeni, yanateleza, kama mlevi aliyelala nje na nguo zake. Chini yake kulikuwa na kitu kama gogo lililooza, kipana kama beseni la kufulia, kimejaa konokono.

Maureen alijua rubabu ni nini. Nani Yorkshire asiyejua? Ni vile vijiti vyekundu, vichachu mpaka uvikandamize kwa sukari, ambavyo Denis alivileta mlangoni kila mwaka baridi ikikatika, vimefungwa kwa gazeti, na yeye akavipika chini ya tabaka la unga na siagi. Ila hakuwahi kujiuliza vijiti vile vinaotea wapi, wala mmea wenyewe unafananaje unapolala.

Alilipiga lile gogo beleshi. Halikung'oka. Akapanda juu ya beleshi kwa miguu miwili na gambuti za Denis, akaruka. Likapasuka. Ndani lilikuwa la njano, na lilinukia udongo na kitu kingine kikali, na Maureen alijisikia vizuri mno kulipasua, kwa sababu kila pigo lilikuwa na jina: droo, makopo, dirisha, karoti. Alipomaliza alikuwa na vipande saba kama vichwa vya watu. Akavipakia kwenye toroli, akaliacha ndani ya waya, kando ya njia, gurudumu likiegemea kibanda, akaenda nyumbani akiimba.

Kesho yake asubuhi toroli lilikuwa tupu. Watu wema, alifikiri Maureen, wamenitupia takataka zangu.

Bi Parveen aliporudi, alisimama mbele ya shimo lile, akaweka mkono mdomoni.

"Dada. Rubabu ya Mzee Arnold iko wapi?"

"Ipi?"

"Iliyokuwa hapa! Rubabu tamu kuliko zote Cinder Lane! Watu wameiomba tangu enzi za mkweo. Yeye hakutoa hata jani. Mumeo naye hakutoa. Mimi mwenyewe nimeomba kwa adabu miaka tisa, na biskuti nimeleta!"

Maureen akatazama toroli. "Niliiweka kwenye toroli. Imechukuliwa."

Bi Parveen akageuka polepole, akazungusha macho bustani yote kama askari. "Tazama kule," akasema, akinyoosha kidole. Kwenye ploti namba nne kulikuwa na kichuguu kipya cha udongo. "Na kule." Namba sita, kingine. "Na kule kwa Colin, mweka hazina." Kisha akaonyesha ploti namba kumi, ya Trevor Hinchliffe, ambapo kichuguu kikubwa kuliko vyote kilikuwa kimezungushiwa vijiti vinne vilivyopimwa kwa rula. "Nimeondoka siku mbili. Siku mbili! Wameiba wote isipokuwa mimi."

* * *

Ukaguzi ulikuwa kesho yake. Jioni ile Maureen alimpakulia Denis soseji na viazi, akamngoja aume ya kwanza.

"Denis, nina jambo la kukwambia, na usisimame."

"Unajua siwezi kusimama haraka."

"Ndiyo maana nakwambia sasa hivi."

Akamwambia yote: kwaya, gambuti, uma, Bi Parveen, ploti safi kutoka waya hadi waya, na vitunguu saumu vilivyopandwa mistari sita. Uso wa Denis ulianza kulegea, hata akataka kutabasamu. Ndipo akamwambia kuhusu gogo.

Denis akaweka uma chini. "Vipande viko wapi?"

"Vimechukuliwa, vyote saba, kila kimoja kimepandwa kwenye ploti ya mwenzio. Denis, najua rubabu ile ilikuwa ya baba yako..."

"Si ya Baba, Maureen. Ni Baba."

Maureen akavuta kiti, akaketi.

"Baba yako yuko Scarborough," Maureen alisema taratibu, kama anavyosema na mtu mwenye homa. "Tulimwaga majivu yake baharini, familia nzima, mama yako akiwa mbele. Nilivaa kofia nyeusi. Upepo ukamrudisha juu ya sandwichi ya shangazi yako Edna."

"Yale yalikuwa majivu ya jiko la Mama."

"Denis!"

"Mama alitaka bahari. Baba aliniambia hospitalini: nitie chini ya rubabu, usimwambie mama yako. Mama alikuwa hai, Baba hakuwa hai, ikabidi niwaridhishe wote wawili."

"Shangazi Edna aliila ile sandwichi! Analia, anasema atabaki na kaka yake ndani yake mpaka kufa!"

"Nilitaka kumwambia."

"Alikula makaa, Denis!"

Maureen aliuma mdomo, lakini kicheko kikamtoka puani. Mabega ya Denis nayo yalikuwa yanatikisika, kichwa kimeinama juu ya soseji. Maureen alicheka zaidi, akampiga begani kidogo, na ndipo akaona kwamba Denis hacheki tu, analia pia, na machozi yanadondokea viazi.

"Nilikuwa nakwenda kumwona," alisema Denis. "Kila siku. Namwambia timu imefungwa ngapi. Sasa yuko kwenye ploti saba, na kesho wanachukua ya nane."

Maureen akamfutia uso kwa kitambaa cha vyombo. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili, Denis hakumwambia kwamba kitambaa kile ni cha glasi.

* * *

Jumapili kulikuwa na umande wa baridi unaong'ata. Denis alikwenda na fimbo yake, hatua kwa hatua, Maureen ubavuni. Alipofika getini alivua kofia, akaitazama ploti namba tisa. Udongo ulikuwa mweusi, umelainishwa kwa reki, na kindege mwenye kifua chekundu alikuwa juu ya mpini wa beleshi, akijiona mwenye mali.

Trevor Hinchliffe alikuja saa nne kamili, na koti la mvua na ubao wa kubania karatasi. Nyuma yake alikuja Colin, mweka hazina, ambaye hakuwa na kawaida ya kusema.

"Bwana Ackroyd."

"Bwana Hinchliffe."

Walisoma darasa moja tangu wakiwa na miaka mitano.

"Naona udongo," alisema Trevor baada ya kuzunguka. "Sioni mazao. Sheria inasema kulimwa, haisemi kufagiwa."

"Vitunguu saumu viko chini," alisema Maureen.

"Bibi, hata mimi naweza kusema nina dhahabu chini."

Maureen akainama, akafukua kwa kidole, akainua punje moja yenye mizizi myeupe kama ndevu, akamwekea Trevor juu ya karatasi zake. "Hiyo hapo. Ukipata dhahabu, nami nionyeshe."

Trevor akaipangusa. "Bado kuna hili shimo. Mwaka jana hapa palihesabiwa rubabu, mita mbili za eneo. Leo ni shimo. Ukiliondoa, pamoja na udongo usio na kitu, hamfiki robo tatu. Nasikitika sana." Hakuwa na uso wa kusikitika. "Mkwe wangu anaweza kuanza Jumatatu."

"Ngoja kwanza," ilisema sauti upande wa waya. Bi Parveen alikuwa amevaa ushungi wake wa Idi. "Mwenyekiti, nisomee ile sheria ya kumi na moja. Ile uliyoibandika getini kwa karatasi nyekundu, maboga yako yalipoibwa."

Trevor hakuisoma. Bi Parveen akaisoma mwenyewe, kwa kichwa. "Atakayechukua mmea wowote kutoka ploti ya mwenzake bila ruhusa, atafukuzwa siku hiyohiyo, bila onyo. Sasa, pale kwako, katikati ya vijiti vinne, umezika nini? Paka?"

Colin akatazama viatu vyake. Wenye ploti namba nne na namba sita, waliokuwa wamejisogeza wasikilize, wakakumbuka kazi kwenye vibanda vyao.

"Ilikuwa kwenye toroli," Trevor alisema. Uso ulikuwa umeanza kupanda rangi kutoka shingoni. "Toroli lilikuwa karibu na njia. Kitu kilichotupwa si..."

"Toroli lilikuwa ndani ya waya," alisema Maureen. "Gurudumu nililiegemeza kwenye kibanda. Na hukuchukua kipande kidogo."

"Trevor," alisema Denis.

Lilikuwa jina ambalo hakumwita nalo uso kwa uso kwa miaka kumi na tano. Wote wakamgeukia.

"Hicho ulichochukua, unajua ni nini?"

"Rubabu, Denis. Ni rubabu tu."

"Ni Baba."

Denis akawaeleza, kwa maneno machache, hospitali, jiko la mama yake, Scarborough. Alizungumza akitazama shimo. Alipomaliza, Trevor alikuwa ameushika ubao wake kifuani kwa mikono miwili. Mzee Arnold ndiye aliyemtandika kwa mshipi mbele ya darasa zima la shule ya Jumapili, kwa kukojoa kwenye pipa la maji ya mvua, mwaka ule wakiwa na miaka minane.

"Nimemtia samadi ya kuku," alisema Trevor kwa sauti ndogo.

"Mbichi au iliyooza?"

"Iliyooza, Denis. Naapa."

"Kina gani?"

"Sentimita thelathini. Nilipima."

"Nyingi mno! Kichwa lazima kichungulie, la sivyo ataoza!" Denis alikuwa tayari anatembea kuelekea namba kumi, fimbo ikichimba njia, na Trevor nyuma yake kama mwanafunzi. "Lete uma. Si huo, mtu wewe, ule mdogo."

"Nikurudishie, Denis. Namng'oa sasa hivi, namrudisha."

"Usimguse! Ukishapanda umepanda. Atakaa kwako. Mimi nitakuwa nakuja."

"Kuja mara ngapi?"

"Kila siku. Kwako, kwa Colin, namba nne, namba sita, wote. Namba nane ni nani amempanda kivulini? Nimewaona."

Maureen na Bi Parveen walibaki kwenye ukingo wa shimo. Ubao wa Trevor ulikuwa umeachwa juu ya toroli. Bi Parveen akautazama, akamtazama Colin, ambaye alikuwa bado hajapata pa kuweka macho.

"Mweka hazina naye ana sahihi, au sivyo?"

Colin akachukua kalamu, akaandika kwamba ploti namba tisa imekaguliwa na imelimwa ipasavyo. Akatia sahihi, halafu, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akazungumza. "Cha kwangu nimekiweka juani," alisema, akaondoka.

Denis aliporudi alikuwa na udongo hadi kwenye nyusi. Akasimama juu ya shimo, akalichokoachokoa kwa fimbo. Pembeni, ukutani mwa shimo, palikuwa na kipande kama ngumi kilichomkwepa Maureen, na juu yake chipukizi jekundu, limejikunja kama sikio la mtoto.

"Ilitakiwa igawanywe miaka kumi iliyopita," alisema. "Vijiti vilikuwa vimekwisha kuwa kama penseli. Nilijua. Lakini ningewezaje kumpiga Baba beleshi?"

"Mimi nimempiga," alisema Maureen. "Kama mara kumi na mbili. Nilirukia kwa miguu."

"Alikupenda sana."

"Alisema mchuzi wangu ni maji ya kuoshea mbwa."

"Alisema hivyo kwa wote aliowapenda." Akamgeukia Bi Parveen. "Hiki kikishika, kipande cha kwanza kitakachogawanywa ni chako."

"Lini?"

"Baada ya miaka mitano."

"Kwa hiyo miaka kumi na minne," alisema Bi Parveen. "Na biskuti zangu unazirudisha."

* * *

Wiki ile Denis alivaa soksi mwenyewe. Ilimchukua dakika ishirini na matusi mengi, lakini saa mbili na nusu alikuwa mlangoni, na saa tatu Maureen alikuwa peke yake jikoni. Alifungua dirisha. Alilifunga. Alilifungua tena. Akaimwaga droo ya vijiko yote mezani, akavirudisha ovyo, kwa konzi.

Mchana Denis akarudi, akavua gambuti nje, akaja na baridi yake hadi kwenye jiko. Akainua kifuniko cha sufuria. Karoti zilielea juu, mviringo, nene kama vifungo vya koti. Akafungua mdomo.

Maureen akasimama na mwiko mkononi, akimtazama.

Denis akafunga mdomo. Akarudisha kifuniko. "Namba nane wamemwagia Baba maji mno," alisema. "Itabidi nirudi mara tu nikishakula."

"Nenda, mpenzi," alisema Maureen, akimpakulia. "Na usiharakishe. Msalimie."